Fedha ya Pamba na Waya wa Amplifaya

Soko la pamba likifunguliwa, kwa kawaida kuanzia mwezi Mei, fedha huanza kutembea Lalago. Kata hii ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, imekaa kwenye barabara inayotoka Kolandoto upande wa Shinyanga kwenda Mwanhuzi wilayani Meatu, na pamba ndiyo inayoamua nani ataezeka bati mwaka huu na nani atasubiri. Mkulima akishalipa ada za watoto na deni la viuatilifu, akabakiwa na chochote, mara nyingi kinachofuata nyumbani ni muziki: sabufa, au amplifaya na spika zake mbili za mbao. Wiki chache baadaye anarudi kwa fundi redio na ombi ambalo nimelisikia mara nyingi hadi nikaona linastahili kuandikiwa: "Fundi, huu waya uliokuja nayo ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Nitafutie mzito, muziki upige."

Ombi hilo limebeba maswali mawili. La kwanza ni la sauti: je, waya mnene wa umeme unaongeza muziki? La pili ni la usalama na uimara: je, waya uliokuja na mashine unahitaji kubadilishwa? Wauzaji hujibu yote mawili kwa ndiyo, kwa sababu waya wanao dukani. Waliosoma umeme darasani nao hujibu yote mawili kwa hapana, kwa sababu hesabu wanaijua lakini nyumba zetu hawajaziingia. Mimi nashikilia kwamba jibu la swali la kwanza ni hapana, na jibu la swali la pili, kwa nyumba nyingi za Simiyu, ni ndiyo. Anayejua ile ndiyo imetoka wapi atanunua waya wa bei nafuu na mzuri. Asiyejua atanunua unene.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo fedha hupotea. Amplifaya haipeleki umeme wa ukutani kwenye spika. Umeme wa TANESCO, volti 230 zenye mizunguko 50 kwa sekunde, unaingia kwenye transfoma unashushwa, unapita kwenye daiodi zinazoulazimisha uende upande mmoja, kisha unajaza kapasita, yale makopo madogo meusi au ya buluu utakayoyaona ukifungua kifuniko. Kapasita ni tangi. Muziki unachota kwenye tangi, na kazi ya waya wa ukutani ni kulijaza tena, mara 100 kila sekunde. Ilimradi tangi linajaa, spika haina namna ya kujua maji yalipita kwenye bomba la aina gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua waya wa kawaida wenye shaba ya milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita moja na nusu. Kiwango cha kimataifa cha nyaya laini kinataka ukinzani wa shaba hiyo usizidi omu 26 kwa kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita tatu, sawa na omu 0.078. Amplifaya ikivuta ampia 2, ambazo ni nyingi kwa muziki wa sebuleni, waya utakula volti 0.16. Sasa weka waya wa milimita za mraba 1.5, mara mbili ya ule wa kwanza. Utakula volti 0.08. Faida yote ya kubadilisha ni volti 0.08 kati ya 230. Wapenzi wa nyaya wana hoja moja yenye ukweli ndani yake: daiodi hazivuti umeme taratibu, huvuta kwa vishindo vifupi vilivyo vikubwa kuliko wastani. Tuwakubalie, tuweke kishindo cha ampia 10. Tofauti ya nyaya hizo mbili bado haifiki nusu volti.

Ushahidi wa masikio nao upo. Mwaka 2004, huko California, wasikilizaji wa eneo la San Francisco, wengi wao watu waliozoea kusikiliza kwa makini kwenye mitambo ya gharama, waliwekewa waya wa kawaida na waya wa Nordost Valhalla uliouzwa dola 2,500 wakati huo, bila kuambiwa upi umechomekwa. Majibu yalikuwa 149, na yaliyopatia ni 73. Hiyo ni asilimia 49, ambayo ungeipata kwa kurusha sarafu. Dola hizo, hata ukizibadili kwa shilingi 2,500 tu kila moja, ni zaidi ya shilingi milioni 6. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iliwekwa kuwa shilingi 27,000. Waya mmoja wa mita mbili ungewasha zaidi ya nyumba 230.

Kwa hiyo anayekuambia besi itashuka na sauti za waimbaji zitasafika ukibadilisha waya wa ukutani, usimpe fedha yako. Kuna faida moja ndogo ya kweli, nitaitaja ili nisionekane nimeificha: waya wa umeme ukilala sambamba na waya mwembamba unaoleta muziki kutoka kwenye simu au dikoda, unaweza kuupenyezea mngurumo. Waya wenye ngao ya ndani hupunguza jambo hilo. Kuzitenganisha nyaya mbili hizo kwa futi moja kunapunguza vilevile, na hakuna gharama.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito.

Geuza sabufa uangalie ulivyo waya wake. Mara nyingi una nyuzi mbili tu, umeshikizwa moja kwa moja ndani ya boksi, na mwisho wake una plagi ya miguu miwili ya duara. Soketi zetu ni za Kiingereza: matundu matatu ya mraba, na yale mawili ya chini yamefunikwa na vilango vinavyofunguka mguu mrefu wa juu ukiingia. Plagi ya miguu miwili haina mguu huo. Kila mtu aliyekulia nyumba yenye umeme anajua kinachofuata: unachomeka mfuniko wa kalamu, au kijiti, kwenye tundu la juu, vilango vinafunguka, kisha unasukuma miguu miwili mahali pasipokuwa pake. Muziki unalia. Lakini soketi ile ilitengenezwa kubana mguu bapa wa mraba, na sasa inagusa mguu wa duara mwembamba kwa ncha tu.

Mahali pa kuangalia ni hapo kwenye mgusano. Sehemu iliyolegea inaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu au zaidi, mara sita ya waya mzima tuliokuwa tukiubishania. Kwenye ekstensheni inayolisha amplifaya, televisheni na friji kwa pamoja, ampia 5 zikipita hapo zinazalisha joto la wati 12.5 katika nafasi ndogo kuliko punje ya mahindi. Plastiki inalainika, chuma kinapoteza ubanaji, mgusano unalegea zaidi, joto linaongezeka. Ukisikia chekecheke ukutani muziki ukiwa juu, au spika zikitoa mlio wa kukwaruza mtu akipita karibu na soketi, hapo ndipo pa kutafuta. Na mtu aliyebadilisha waya akaapa kwamba muziki umekuwa mzuri zaidi, mara nyingi hadanganyi. Alichobadilisha bila kujua ni plagi iliyolegea, na ameweka inayobana.

Jambo la kwanza la kulipia, basi, ni plagi ya miguu mitatu ya mraba yenye fyuzi ndani, iliyofungwa na mkono unaojua kazi. Nyuzi za shaba zisokotwe pamoja, zikunjwe, ziingie zote chini ya skurubu, na kibanio cha chini kishike ganda la nje la waya, si nyuzi za ndani. Plagi nyingi zilizoungua ambazo nimezifungua zilikuwa na nyuzi tatu nne tu zilizobanwa, nyingine zimechomoza pembeni kama nywele.

Fyuzi nayo inaeleweka vibaya. Watu hudhani inalinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi yake ndani. Ile ya kwenye plagi inalinda waya. Waya wa milimita za mraba 0.75 umekusudiwa ampia 6, lakini plagi karibu zote hutoka dukani na fyuzi ya ampia 13. Waya ukipiga shoti nusu nusu, unaweza kuchemka hadi kuungua huku fyuzi ikiwa nzima. Kwa amplifaya ya nyumbani fyuzi ya ampia 3 inatosha, kwa kuwa inaruhusu wati 690. Ikiwa ina transfoma kubwa ya duara inayovuta mkupuo inapowashwa, weka ya ampia 5. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi tena.

Hesabu hiyohiyo itakusaidia dukani unapoambiwa nguvu ya mashine. Boksi linaweza kuandikwa maelfu ya wati kwa herufi PMPO. Soketi nzima ya ampia 13, kwa volti 230, haiwezi kutoa zaidi ya wati 2,990. Mashine yenye fyuzi ya ampia 2 nyuma yake haiwezi kuvuta zaidi ya wati 460 kwa muda wowote wa maana. Angalia fyuzi ya nyuma na bamba linaloonyesha wati inazokula. Kwenye boksi kuna tangazo, kwenye bamba kuna mashine yako.

Nije kwenye shaba. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mjini waya mnene kama kidole gumba, mweusi, umeandikwa vizuri kwa rangi nyeupe, kwa ajili ya amplifaya ya nyumbani kwetu. Nilitembea nao kwa fahari. Baada ya miezi miwili plagi ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Nilipoukata, ganda lilikuwa sehemu kubwa ya unene, na nyuzi za ndani zilikuwa chache. Nilipozikwangua kwa wembe zikageuka nyeupe. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Nilichonunua ni mpira. Tangu siku hiyo sinunui waya bila kuukwangua, na muuzaji anayekataa nisimkwangulie ncha ya waya wake nafahamu anachokijua.

Aluminiamu yenyewe si dhambi. Nyaya kubwa za nguzoni ni za aluminiamu na zinafanya kazi miaka mingi, kwa sababu zimekadiriwa hivyo na zina viungo vyake maalumu. Ubaya ni kuiuza kama shaba. Upitishaji wake wa umeme ni kama asilimia 61 ya ule wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata joto zaidi. Tena ni laini: ukiibana kwa skurubu leo, itajisogeza taratibu, na baada ya wiki kadhaa skurubu imelegea yenyewe. Ikipata hewa inajifunika utando usiopitisha umeme. Mambo hayo matatu yanakutana palepale kwenye plagi, mahali tulipoona kuwa ndiko moto unakoanzia. Mbaya zaidi ni nyuzi za chuma zilizopakwa shaba, na hizo zinajulikana upesi kwa kipande cha sumaku ya spika mbovu, ambacho kila fundi redio anacho mezani. Shaba haivutwi na sumaku. Uzito nao unasema, kwa kuwa shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo uleule. Shika vipande viwili vya urefu mmoja, kimoja unachokiamini na kimoja unachouziwa, mikono yako itakuambia.

Maandishi ya kwenye ganda yana lugha yake, na inafaa kuijua. Ukiona H05VV-F 3G1.5, sehemu ya kusoma ni ya mwisho: nyuzi tatu, G ikimaanisha mmoja wao ni wa ardhi wenye rangi ya kijani na njano, na kila uzi una milimita za mraba 1.5. Rangi ya kahawia ni laini yenye moto, buluu ni nyutro. Kwenye nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS. Tanzania inatengeneza nyaya, na viwanda vya Dar es Salaam kama Africab vinauza kwa mita nchi nzima. Sioni sababu ya mtu wa Maswa kulipia waya wenye jina la kigeni usiosomeka wakati mita mbili za waya wa nyuzi tatu wa hapa nchini zinapatikana kwa kukatiwa.

Kwa amplifaya yenye tundu la waya nyuma, lile la miguu mitatu linalofanana na la kompyuta ya mezani, kuna njia rahisi kuliko zote. Ni waya wa kompyuta wenyewe, hasa ule uliotoka na kompyuta zilizotumika za maofisini zilizoletwa kutoka Uingereza. Plagi yake imefinyangwa kiwandani, fyuzi iko ndani, nyuzi tatu ni za shaba, na kichwa chake kimekusudiwa ampia 10. Mafundi wa kompyuta wa Bariadi, Shinyanga na Mwanza wana makapu ya nyaya hizo wasizozihitaji. Chagua ulioandikwa 3G1.0 au zaidi, usio na mkunjo uliopasuka, unaobana vizuri ukiuchomeka. Kwa maoni yangu huo ndio waya bora wa bei nafuu wa amplifaya katika ukanda huu. Kwa sauti, haupungukiwi na chochote mbele ya ule wa dola 2,500.

Lakini mguu wa tatu una kisa chake, na hapa naomba msomaji asichoke.

Nilikuwa nimekaa kwa fundi mmoja kijana pale Lalago mzee alipoingia na amplifaya kichwani. Kijana akampokea mzigo na shikamoo, mzee akaitika marahaba. "Mjukuu wangu, kitu hiki kinanitekenya vidole nikikigusa nikiwa peku."

"Babu, plagi yake ina miguu mingapi?"

"Ilikuwa mitatu. Huu wa juu mwanangu aliukata, iingie kwenye ekstensheni."

Kile mwana huyo wa mzee alichokifanya kwa baba yake, maelfu ya watu wanakifanya, wengine kwa kukata mguu, wengine kwa kukata uzi wa kijani na njano ndani ya plagi, wengine kwa kununua ekstensheni ambayo tundu la tatu ni pambo lisilounganishwa na chochote. Amplifaya yenye bodi ya chuma inautegemea uzi huo. Ngozi ya waya wa ndani ikichubuka, laini ikagusa bodi, umeme unatakiwa upate njia ya kwenda ardhini kabla haujapata mkono wa mtu. Zipo mashine zisizohitaji uzi huo, na zimeandikwa nyuma alama ya mraba ndani ya mraba, kuonyesha zimefunikwa mara mbili. Isiyo na alama hiyo na ina bodi ya chuma, isichomekwe kwa miguu miwili hata kwa dakika kumi za kujaribu spika.

Wapo wanaokata uzi wa ardhi kwa sababu ya mngurumo, na hao wana malalamiko ya kweli. Amplifaya ikiwa kwenye soketi moja, kompyuta au televisheni kwenye nyingine, na waya wa muziki unaziunganisha, ardhi mbili hizo hukutana na kufanya mduara, na spika zinaguna kwa mizunguko 50. Dawa ni kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja nzuri, ili ardhi yao iwe moja. Ikibidi, kuna vitransfoma vidogo vya kuweka kwenye waya wa muziki. Kukata uzi wa ardhi ni kunyamazisha mbwa anayebweka wakati mwizi yuko mlangoni.

Na ardhi yenyewe ikoje? Sehemu kubwa ya tambarare za Simiyu ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika matairi masika. Ukiwa na maji, udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme vizuri. Kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mguu, na chuma cha ardhi kilichopigiliwa kando ya nyumba kinaweza kubaki kimezungukwa na hewa. Nyumba iliyokuwa na ardhi nzuri mwezi Machi inaweza kuwa haina ardhi mwezi Septemba, bila mtu kugusa chochote. Hata ikiwa na ardhi ya wastani, tuseme omu 20, umeme utakaopita laini ikigusa bodi ni ampia 11.5. Fyuzi ya ampia 13 haitakatika. Bodi itabaki na moto, na muziki utaendelea kulia. Ndiyo maana nyumba inayotegemea chuma chake yenyewe inahitaji kikata umeme cha miliampia 30, kile mafundi wanachokiita RCD, kinachokata mara tu umeme unapovuja njia isiyo yake. Ukilinganisha kifaa hicho na waya wa muziki wenye maandishi ya dhahabu, mimi sioni mjadala.

Chuma cha ardhi kiende chini kadiri kinavyoweza, kwenye udongo usiokauka kabisa. Wengine humwaga ndoo ya maji pale kiangazi, na inasaidia. Chumvi inayotiwa na mafundi inasaidia pia kwa muda, lakini inakula chuma, kwa hiyo kikaguliwe. Anayepima awe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kati ya laini na ardhi mita yake isome karibu sawa na kati ya laini na nyutro, na kati ya nyutro na ardhi isome volti chache tu. Kipimo hicho hakimalizi dakika tano, ila kinaonyesha tu kwamba uzi wa ardhi umeunganishwa; omu za ardhi hupimwa kwa kifaa chake.

Umeme mdogo ndio sababu nyingine inayowafanya watu walaumu waya. Mashine ya kusaga inaanza, taa zinafifia, muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu volti 230 zishuke hadi 207. Kwenye mwisho wa laini ndefu saa mbili usiku zinaweza kushuka zaidi ya hapo. Amplifaya ya transfoma ikipata volti 180, nguvu inayoweza kutoa inashuka hadi kama asilimia 61: ya wati 100 inabaki na 61, na ukiongeza sauti inapasuka. Waya mnene ulikuwa unatuokolea volti 0.08. Hapa zimepotea volti 50. Kinachozirudisha ni stablaiza, iliyochaguliwa kubwa kuliko mahitaji ya mashine. Ikiwa amplifaya yako imeandikwa 100–240V nyuma, haihitaji hata hiyo, kwa sababu inajirekebisha yenyewe. Na nyumba zinazotumia sola na inveta ya bei ya chini, ile isiyotoa wimbi laini, transfoma itavuma tu. Hakuna waya wa kuiponya.

Mahali pekee ambapo unene wa waya unabadilisha muziki waziwazi ni kwenye umbali. Harusi, mkutano wa injili, kibanda cha kuonyesha mpira kinacholishwa kutoka nyumba ya jirani: mita 30 za waya wa 0.75 ni omu 1.56 kwenda na kurudi, na kwa ampia 5 unapoteza karibu volti 8. Waya wa milimita za mraba 2.5 ungepoteza chini ya volti 2.5. Hapo ongeza unene bila kusita. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote, kwa sababu waya uliojikunja kwenye kigurudumu hauna pa kutolea joto, na plagi zisiwekwe chini penye umande.

Faida kubwa ya waya unaochomoka upesi huonekana wakati wa radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na hakuna waya wa amplifaya, wa bei yoyote, unaozuia radi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa maana nafasi ndani ya swichi ni ndogo mno kwa radi. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena.

Nikiulizwa na mkulima wa Lalago aliye na fedha kidogo ya kubadilisha waya mwaka huu, nitamwambia hivi. Nunua waya wa kompyuta uliotumika, au mita mbili za 3G1.0 zenye alama ya TBS na plagi nzuri ya mraba. Kwangua ncha kwa wembe kabla ya kulipa. Weka fyuzi ya ampia 3. Fedha iliyobaki mpe fundi mwenye leseni apime ardhi ya nyumba yako sasa, udongo ukiwa umekauka, na akufungie kikata umeme cha miliampia 30 kabla mvua za Novemba hazijaanza.